Ukandaji wa Paka na Maana ya Tendo Lisilo na Faida

Miongoni mwa matendo ya wanyama wanaoishi na binadamu nyumbani, ni machache yanayoonekana mara kwa mara na bado yakazua mabishano kama lile la paka mzima anayejilaza juu ya blanketi, mto au mapaja ya mtu, kisha akaanza kupabonyeza hapo kwa miguu yake ya mbele, mmoja baada ya mwingine, polepole na kwa kurudiarudia, mithili ya mtu anayekanda unga. Vidole hupanuka mguu unaposhuka na kufumbata unapoinuka, makucha huchomoza kidogo na kurudi, macho hufumba nusu, na mara nyingi kooni hutoka ule mngurumo mwororo ambao kila anayefuga paka anaujua. Tendo hilo halimpatii paka chakula, halimfukuzii adui, wala halimtafutii mwenza. Ndiyo maana wataalamu wa viumbe wamelichunguza; lakini swali lake ni la falsafa na la dini pia, kwa kuwa anayeuliza kwa nini paka hukanda anauliza, hata kama hakukusudia, iwapo kiumbe asiye na lugha anaweza kufanya jambo lenye maana, na iwapo binadamu ana njia yoyote halali ya kuijua maana hiyo.

Majibu mawili hutolewa kwa haraka. La kwanza, ambalo wafugaji wengi hulipenda, ni kwamba paka anamwonyesha mwenye nyumba mapenzi. La pili, ambalo hutolewa na wale wanaochelea kumvika mnyama hisia za kibinadamu, ni kwamba tendo hilo ni mabaki matupu ya utoto, mwendo wa misuli uliosahau kukoma, na kwamba hakuna zaidi cha kuelezwa. Jibu la kwanza linadai kujua yaliyo nyuma ya kinachoonekana. La pili linakataa hata hicho kinachoonekana. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tendo laweza kupoteza faida iliyolizaa na bado likabaki na maana, na kwamba anayepima matendo ya viumbe kwa faida peke yake atashindwa kumwelewa paka, na pengine atashindwa kuwaelewa binadamu wenzake.

Kwanza tendo lenyewe lipambanuliwe na mengine yanayofanana nalo, kwa sababu paka hukanyagakanyaga kwa namna nyingi. Paka jike aliye katika siku za kutaka dume huinamisha kifua, huinua kiuno, husogeza mkia kando na kukanyaga papo hapo kwa miguu ya nyuma. Paka anayenyunyiza mkojo ukutani ili kuweka alama ya himaya yake husimama mkia ukitetemeka, naye pia huinua na kushusha miguu ya nyuma kwa zamu. Na yule anayevizia windo hutikisa nyonga na kubadilisha miguu kabla ya kuruka. Matendo hayo yote yana lengo lililo mbele yake, ama mwenza, ama himaya, ama mawindo. Ukandaji wa miguu ya mbele juu ya kitu laini hauna lengo la aina hiyo, na mtu anayeyachanganya yote kwa sababu miguu inapanda na kushuka hufanana na anayedhani kwamba kila mtu aliyeinama anasali. Tendo hutambuliwa kwa hali ambamo limefanyika, na umbo la mwendo ni sehemu moja tu ya hali hiyo.

Chanzo cha ukandaji kinajulikana vizuri. Mtoto wa paka huzaliwa macho yakiwa yamefumba, na kwa kawaida hayafumbuki hadi kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Masikio yake nayo hayajafunguka sawasawa, hivyo ulimwengu wake wa mwanzo ni wa harufu, joto na mguso. Akiifikia chuchu hunyonya huku akibonyeza tumbo la mama kwa miguu yote miwili ya mbele. Unyonyaji na mibonyezo hiyo hupeleka taarifa kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo wa mama, na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, huachia oksitosini katika damu. Oksitosini ni homoni, yaani kemikali inayosafiri katika damu kutoka kiungo kimoja ili kukiamuru kiungo kingine, na amri yake hapa ni kuvibana vifuko vidogo vya maziwa ili maziwa yashuke. Nguvu ya dutu hiyo ilionekana kwanza kwa paka: mwaka 1906 mtaalamu Mwingereza Henry Dale alionyesha kwamba kimiminika kilichokamuliwa kutoka sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari hukaza mfuko wa uzazi wa paka mwenye mimba. Kwa mtoto wa paka, basi, mguu unaobonyeza, maziwa yanayoshuka, joto la ubavu wa mama, harufu yake na mngurumo wake ni mambo yanayotokea pamoja, siku baada ya siku, kabla hajawahi kuona chochote.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia zao, alilizungumzia tendo hili mapema kabisa, katika sura ya kwanza. Alieleza kwamba paka wachanga, na si mara chache paka wazima, wakijilaza juu ya shali yenye joto huikanda kwa zamu kama walivyokuwa wakilikanda tumbo la mama. Na ushahidi wake kwamba ni tendo lilelile ulikuwa kwamba mara nyingi paka hao huichukua sehemu ya shali mdomoni na kuinyonya, macho yakiwa yamefumba. Darwin aliliweka tendo hilo chini ya kanuni aliyoifafanua hivi kwa muhtasari: tendo lililokuwa na manufaa katika hali fulani ya nafsi hushikamana na hali hiyo kiasi kwamba hali ikirudi, hata kwa udhaifu, tendo nalo hurudi, liwe na manufaa au lisiwe nayo. Waswahili husema mazoea yana taabu, wakimaanisha kwamba kilichozoeleka hakiachiki kirahisi, na nusu ya kwanza ya kanuni ya Darwin inakubaliana nao. Nusu ya pili ndiyo yenye uzito katika mjadala huu, nayo husahaulika: kinacholirudisha tendo ni hali ya nafsi. Darwin hakusema kwamba misuli ya paka hukumbuka peke yake. Alisema kwamba kitu fulani ndani ya paka kimerudi, na mguu ukakifuata.

Zipo dhana nyingine, nazo hazihitaji nafasi kubwa. Inasemwa kwamba paka huacha harufu yake kwa kutumia tezi zilizo katikati ya vidole, na ni kweli kwamba tezi hizo zipo na kwamba harufu hubaki paka anapoparura mti. Inasemwa pia kwamba mababu zake wa porini walilaza nyasi kwa miguu kabla ya kulala. Huenda yote mawili yana sehemu ya ukweli, ila hayaelezi kwa nini ukandaji huandamana na mngurumo, na mara nyingine na kunyonya kitambaa. Dhana ya kwamba anayekanda ni yule paka aliyeachishwa ziwa mapema mno ni dhaifu zaidi, kwa kuwa paka waliokaa na mama zao hadi mwisho wa kunyonya hukanda vilevile.

Ili mabishano haya yasizunguke mahali pamoja, inafaa kukumbuka mpangilio alioutoa Niko Tinbergen, Mholanzi aliyefundisha Oxford na ambaye baadaye, mwaka 1973, alikuwa mmoja wa watatu walioshiriki Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wa mienendo ya wanyama. Katika makala yake ya mwaka 1963 alionyesha kwamba anayeuliza kwa nini mnyama hufanya jambo fulani anaweza kuwa anauliza maswali manne yaliyo tofauti: ni kitu gani kinachoamsha tendo hilo sasa hivi, lilikuaje katika maisha ya mnyama huyo mmoja, linamsaidiaje kuishi na kuzaa, na lilitokeaje katika historia ndefu ya jamii yake. Mpangilio huo una undugu na ule wa Aristotle, aliyefundisha zaidi ya karne 23 zilizopita kwamba kitu kimoja kina sababu za aina nne. Kwa paka, kinachoamsha ni ulaini, joto na utulivu. Ukuaji wake ulianzia kwenye chuchu. Faida yake utotoni ni maziwa. Swali la nne humpeleka mchunguzi kwa paka-mwitu ajulikanaye kitaalamu kama Felis lybica, anayepatikana Afrika na Asia ya Magharibi, ambaye ndiye babu wa paka wote wa nyumbani. Kaburi lililofukuliwa katika kisiwa cha Saiprasi, ambalo habari zake zilitangazwa mwaka 2004, lilikuwa la mtu aliyezikwa kiasi cha miaka 9,500 iliyopita, na paka alikuwa amezikwa kando yake, dalili kwamba ujirani huu ni wa zamani sana. Paka-mwitu akishakomaa huishi peke yake, hana ubavu wa kumlalia wala wa kumpa joto. Paka wa nyumbani hupewa chakula asichokiwinda, joto asilolitafuta na usalama asioulinda, na kwa hiyo hali za utoto hazimwishii. Nyumba ya binadamu huziendeleza.

Hata hivyo maswali manne ya Tinbergen yanaacha pengo, na wapo wataalamu waliolikiri. Mwaka 1997 Gordon Burghardt, mchunguzi wa Kimarekani wa mienendo ya wanyama, alipendekeza liongezwe swali la tano, nalo ni namna tendo linavyohisiwa na mnyama mwenyewe. Hapo ndipo falsafa inapoingia, na hapo ndipo jibu la mabaki matupu linapoonyesha udhaifu wake.

Anayesema kwamba ukandaji ni mabaki tu hufanya kosa ambalo wanamantiki hulijua tangu zamani, la kuhukumu kitu kwa asili yake. Kuonyesha kwamba jambo lilianzia mahali fulani hakuonyeshi kwamba jambo hilo leo ni lile lile lililoanza, wala kwamba leo si kitu. Kupeana mikono, kukaa pamoja baada ya mlo, kubembeleza mtoto ambaye tayari amelala, yote yana asili zinazoweza kuelezwa kwa mahitaji ya zamani, na hakuna anayedhani kwamba maelezo hayo yameyaondolea maana. Zaidi ya hayo, hata madai kwamba mwanzoni kulikuwa na maziwa peke yake si sahihi. Mwaka 1958 Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia watoto wa kima wa aina ya rhesus waliotengwa na mama zao na kupewa mama wawili wa bandia, mmoja wa waya na mwingine aliyefunikwa kitambaa laini. Hata pale chupa ya maziwa ilipowekwa kwa mama wa waya, watoto walimwendea kunyonya tu, kisha wakarudi kwenye kitambaa na kukikumbatia kwa saa nyingi. Majaribio hayo yalikuwa ya kikatili, na haifai kuyataja bila kusema hivyo. Lakini yaliwaonyesha walimwengu jambo ambalo mama yeyote angeweza kuwaambia, kwamba mtoto humtaka mama kwa faraja kama anavyomtaka kwa chakula, na kwamba faraja ina mizizi yake yenyewe. Kama ni hivyo kwa watoto wa wanyama wanaonyonyesha, basi paka mzima anayekanda blanketi hajabakiwa na ganda baada ya kiini kutoka. Kilichotoka ni maziwa. Utulivu aliokuwa nao ubavuni mwa mama ulikuwepo tangu mwanzo, na bado upo.

Mpinzani mkubwa wa maneno haya katika historia ya falsafa ni René Descartes, aliyeandika mwaka 1637 kwamba mwili wa mnyama unaweza kueleweka wote kama mashine, na kwamba ukosefu wa lugha ni ushahidi wa ukosefu wa nafsi yenye akili. Haki inadai ikumbukwe kwamba katika barua aliyomwandikia mwanafalsafa mwenzake Henry More mwaka 1649 hakuwanyima wanyama uhai, wala hisi zile zinazotegemea viungo vya mwili. Lakini njia aliyoifungua iliwarahisishia wengine kumtazama mnyama kama chombo kinachotoa sauti. Upande mwingine yupo Conwy Lloyd Morgan, mchunguzi wa akili za wanyama, aliyeweka mwaka 1894 kanuni inayofuatwa hadi leo, kwamba tendo la mnyama lisielezwe kwa uwezo wa juu wa nafsi ikiwa uwezo wa chini unatosha kulieleza. Kanuni hiyo hutumiwa mara nyingi kumnyima paka kila kitu, na matumizi hayo ni mabaya. Inamzuia mtu kudai kwamba paka anayekanda anatafakari juu ya wema wa mwenyeji wake. Haimzuii kusema kwamba paka anaona raha, kwa sababu raha ni miongoni mwa uwezo wa chini kabisa wa nafsi, na mtoto mchanga anayo kabla hajajua jina lake.

Msaada mkubwa zaidi unatoka kwa Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara na kufariki mwaka 1037. Katika mafundisho yake juu ya nafsi alitofautisha vitu viwili ambavyo mnyama hupokea kutoka nje. Kimoja ni umbo, kama rangi, sauti na harufu, ambacho hupokewa kwa hisi tano. Kingine alikiita kwa Kiarabu maana, neno ambalo Waswahili wamelirithi, lakini yeye alilitumia kwa jambo lisiloonekana kwa macho wala kusikika kwa masikio ingawa limo ndani ya kitu kinachohisiwa. Mfano wake uliosifika ni wa kondoo anayemwona mbwamwitu: macho ya kondoo hupokea umbo na rangi, ila uadui hauna rangi, na bado kondoo huutambua na kukimbia. Vivyo hivyo, alisema, mnyama hutambua kwamba mtoto wake ni wa kuhurumiwa. Nguvu ya nafsi inayotambua mambo hayo aliiita wahm, na inaweza kuelezwa kama nguvu ya kukadiria bila hoja: iko juu ya hisi na chini ya akili, mnyama anayo, na binadamu anayo pia pamoja na akili yake. Ibn Sina, kwa hiyo, hakulazimika kuchagua kati ya mnyama aliye mashine na mnyama aliye mtu mdogo. Aliona daraja la katikati, ambamo kiumbe anaweza kuijua maana bila kuweza kuitamka.

Mfano wa paka haumo katika maandishi hayo, lakini fundisho lake linajibu swali ambalo wanaolizungumzia tendo hili hulipitia juu juu: je, paka anayekanda blanketi amekosea? Kama tendo lake lingekuwa ni kuliona blanketi kuwa mama, jibu lingekuwa ndiyo, na tendo lote lingekuwa udanganyifu wa kusikitisha, mnyama mzima akingoja maziwa kutoka kwenye sufu. Hakuna dalili ya hilo. Paka anayekanda haonyeshi kungoja chochote wala kukata tamaa maziwa yasiposhuka. Akishiba kukanda hujikunja na kulala. Kinachomrudia, kwa lugha ya Ibn Sina, ni maana na wala si umbo. Umbo la mama halipo, na paka anajua halipo, kwa kuwa pua yake haidanganyiki kirahisi hivyo. Maana iliyokuwa pamoja na umbo hilo, yaani kwamba hapa ni mahali pa salama, ipo, na kwa kawaida ni ya kweli: blanketi ni laini, chumba kina joto, mtu aliyeketi hana nia mbaya. Paka amekadiria, na amekadiria sawasawa. Tendo lililokuwa likivuta maziwa sasa linaandamana na hukumu sahihi kuhusu mahali alipo, na itakuwa ajabu kuliita tupu tendo linalobeba hukumu ya kweli.

Katika dini, Uislamu ambao ndio dini ya watu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki una maelekezo mapana kuhusu jambo hili kuliko inavyodhaniwa. Sura ya Ta-Ha inamweleza Mola kuwa ndiye aliyekipa kila kitu umbile lake kisha akakiongoza, na Sura ya An-Nahl inatumia neno la wahyi, ambalo kwa kawaida huhusishwa na mitume, kueleza namna nyuki alivyoelekezwa kujenga nyumba yake milimani na mitini. Silika, yaani mwelekeo ambao kiumbe huzaliwa nao bila kufundishwa, katika mtazamo huo ni mwongozo, na anayeongozwa si mashine. Sura ya Al-An'am inawahesabu wanyama na ndege kuwa umma mfano wa binadamu, na Sura ya Al-Isra inasema kwamba vitu vyote vinamtukuza Muumba ila watu hawaufahamu utukuzaji wavyo. Haitakuwa halali kuchukua aya hiyo ya mwisho na kudai kwamba ukandaji wa paka ni tasbihi yake. Aya yenyewe inafunga mlango huo pale inapowaambia watu kwamba hawafahamu. Lakini inafunga na mlango wa pili, wa yule anayesema kwamba asichokifahamu hakina maana. Ikhwan al-Safa, kundi la wanafikra wa Basra wa karne ya 10, waliandika waraka mrefu ambamo wanyama wanawashtaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, na miongoni mwa hoja za wanyama ni kwamba nao wana ibada zao, na kwamba kutoeleweka kwao ni upungufu wa msikilizaji.

Fikihi, elimu ya hukumu za dini, ina habari inayomhusu paka moja kwa moja. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik na katika vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Kabsha binti Ka'b alimwandalia mkwewe Abu Qatada, sahaba wa Mtume, maji ya kutawadhia, paka akaja kunywa, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo hadi akamaliza. Alipoona Kabsha anashangaa, alimweleza kwamba Mtume alifundisha kuwa paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaowazunguka watu majumbani. Sababu iliyotolewa inastahili kuzingatiwa. Ingewezekana kutaja faida ya paka, kwamba huua panya na kulinda nafaka, na kila mkulima angeielewa. Kilichotajwa ni kuzunguka kwake miongoni mwa watu, yaani ujirani wenyewe. Mnyama huyo amepewa nafasi ndani ya nyumba kwa namna anavyoishi humo, na manufaa yake hayakuulizwa.

Linabaki swali la mapenzi. Michel de Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, alijiuliza katika insha zake iwapo anapocheza na paka wake ni yeye anayejiburudisha kwa paka au ni paka anayejiburudisha kwake, na mwanafalsafa Thomas Nagel alionyesha mwaka 1974, kwa mfano wa popo, kwamba hata elimu kamili ya mwili wa mnyama haimwelezi mtu jinsi ilivyo kuwa mnyama huyo. Wote wawili wana haki, ila mipaka waliyoiweka haimzuii mtu kupambanua ujumbe na dalili. Ujumbe huelekezwa kwa mpokeaji. Dalili hutoka kwa hali iliyopo, awepo wa kuiona au asiwepo. Paka hukanda mto akiwa peke yake chumbani, na kwa hiyo ukandaji hauwezi kuwa, kwa asili yake, ujumbe kwa mwenye nyumba. Ni dalili. Jambo hili huwahuzunisha wafugaji wengine, na huzuni hiyo haina msingi, kwa sababu dalili ina ukweli ambao ujumbe unaweza kuukosa: paka hubembeleza akitaka chakula, lakini hana cha kupata kwa kukanda. Anapokanda mapajani mwa mtu, mtu huyo ameingia katika orodha fupi ya mahali ambapo mnyama mwenye hadhari kubwa hujiona salama. Kuliita jambo hilo mapenzi ni kuchagua neno linalobeba mengi mno. Kulikataa kabisa ni kumnyima paka kitu alichokithibitisha kwa mwili wake.

Kutokana na hapo wajibu unafuata, na hauhitaji kusubiri hadi mjadala wa nafsi ya mnyama umalizike. Makucha yanayochomoza wakati wa kukanda humchoma mtu na kutatua nguo, na katika baadhi ya nchi, hasa Marekani, kwa muda mrefu limekuwepo suluhisho la kumkata paka makucha kabisa. Upasuaji huo si wa kucha peke yake. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, hivyo kinachoondolewa ni kiungo cha mwisho cha kila kidole. Mkataba wa nchi za Ulaya wa kuwalinda wanyama wa kufugwa nyumbani, wa mwaka 1987, uliupiga marufuku isipokuwa kwa sababu za matibabu au za manufaa ya mnyama mwenyewe, na mwaka 2019 New York ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuukataza. Anayekiona kidole cha paka kama sehemu ya mashine hatapata sababu ya kutoyabadilisha makucha kwa usalama wa viti vyake. Anayekubali kwamba kwa kidole hicho paka aliujua usalama kabla hajafumbua macho atapunguza ncha ya ukucha, sehemu isiyo na mshipa wa damu wala wa fahamu, au atatandika nguo nene mapajani. Na asipoweza kustahimili hata hivyo, atamwinua paka taratibu na kumweka juu ya mto ulio karibu.